Mzee wa Ujiji, Kigoma, anauliza: nijenge ukuta, au niache Ziwa Tanganyika liendelee kula kiwanja?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, anasema hivi: "Mwanangu mtaalamu, kiwanja chetu cha urithi kiko pembeni ya ziwa hapa Ujiji. Utotoni kwangu kulikuwa na mchanga mpana, kina mama wanaanika dagaa pale na sisi tunacheza mpira na nafasi inabaki. Mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda, tukasema ni mvua, yatarudi. Yakapungua kweli, ila mchanga haukurudi. 2024 yakapanda tena. Sasa ukingo unakatika, michikichi mitatu imeshaanguka na wa nne mizizi iko nje. Jirani yangu upande wa kusini alijenga ukuta wa mawe, na tangu ajenge mimi ndo naliwa zaidi. Wanangu wamechanga hela wanataka na mimi nijenge. Vijana wananiambia ni tabianchi, wengine wanasema ni kudra ya Mungu tu. Ukweli ni upi, na nijenge?"

Shikamoo mzee wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu kwa sababu umeona mwenyewe vitu ambavyo wengi hawavioni, hasa hicho cha maji kurudi na mchanga kutorudi. Jibu la mwisho nitakupa mapema ili usisome kwa wasiwasi: usijenge huo ukuta, hela ya watoto iwekeni kwanza. Sasa naomba univumilie nikueleze kwa nini, maana ukielewa kwa nini utaweza kumweleza na jirani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kuna ziwa kupanda na kuna ufukwe kuliwa, na haya ni magonjwa mawili tofauti hata kama yanamshika mgonjwa mmoja. Ziwa Tanganyika linapanda na kushuka kila mwaka, si unajua mwenyewe, mwezi wa nne na wa tano maji yako juu, mwezi wa kumi na wa kumi na moja yako chini kabisa, tofauti inakaribia mita moja hivi. Huko ni kupumua kwake tu. Halafu kuna kupanda kwa miaka, mvua zikiwa kubwa mfululizo, kama zile za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilizoleta ile hali ya maji kujaa ya 1964 ambayo naamini wewe unaikumbuka au ulisimuliwa nyumbani, na kama hizi za 2020 kuja 2024. Ziwa letu ni kama karai kubwa lenye katundu kadogo pembeni, maji yanatoka kwa mto Lukuga kule Kalemie upande wa Kongo lakini Lukuga unachukua sehemu ndogo sana, zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayopotea yanakwenda juu kwa jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu karai linajaa na kulipunguza inachukua muda mrefu.

Na hili si jambo la leo. Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alipolizunguka ziwa mwaka 1876 alikuta Lukuga umezibwa kwa tope na majani na ziwa linazidi kupanda. Miaka miwili hivi baadaye maji yakabomoa kile kizibo yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka kama mita 10 ndani ya miaka isiyofika 20. Mita kumi mzee! Ndo maana leo ukienda pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari, hapo hapo Ujiji, ambako Stanley alimkuta mwaka 1871, unatembea kabisa kwenda kuyafikia maji, wakati siku zile ziwa lilikuwa karibu. Yaani viwanja vingi vya chini ambavyo watu wanagombania leo, babu wa babu yako alikuwa anapita juu yake kwa mtumbwi. Kwa hiyo anayekwambia ziwa kupanda ni kudra simbishii, na anayesema mvua zinabadilika kwa sababu ya tabianchi simbishii pia. Ila hayo yanaeleza maji kuja. Hayaelezi mchanga kwenda wapi.

Tuje kwenye mchanga sasa, hapa ndo mkono wa binadamu ulipo.

Ufukwe mzee wangu haujatulia, unatembea. Ukisimama pale asubuhi wakati upepo wa kusini unavuma, ile miezi ya kiangazi, angalia wimbi likipanda mchangani. Halipandi wima, linapanda kwa mshazari kuelekea kaskazini, halafu likirudi linarudi moja kwa moja kwenye maji. Chukua punje moja ya mchanga uifuate kwa macho, inapanda mshazari inashuka wima, inapanda mshazari inashuka wima, kila wimbi imesogea kiganja au hatua. Siku nzima imekwenda mbali. Mchanga uliopo mbele ya kiwanja chako leo mwaka jana ulikuwa kwa jirani wa kusini, na mwakani utakuwa kwa jirani wa kaskazini. Ufukwe unabaki mpana sio kwa sababu mchanga umekaa, unabaki kwa sababu unaoingia ni mwingi sawa na unaotoka. Ni kama duka, bidhaa zinatoka kila siku lakini rafu zimejaa kwa sababu mzigo mpya unaingia. Siku mzigo ukikatika rafu zinaanza kuwa tupu huku mauzo yanaendelea kama kawaida.

Basi mzigo wa mchanga unatoka wapi? Unatoka mitoni kwa sehemu kubwa, kwa upande wenu Luiche pale kusini ya Ujiji, na vijito vidogo vinavyoshuka milimani msimu wa mvua, na kidogo unatoka kwenye kingo zenyewe zikikatika. Malagarasi ni mto mkubwa zaidi unaoingia upande wetu wa Tanzania lakini ule unapita kwanza kwenye mabwawa na majani ya Moyowosi na Sagara kule juu, unachujwa, mchanga mwingi unabakia huko.

Hapo mtu ataniuliza, mbona milima imekatwa miti, mbona vijito vinashuka vyekundu kama chai, si mchanga umeongezeka? Hili swali ni zuri na jibu lake linawashangaza watu. Fanya jaribio hili na wajukuu: chukua chupa ya maji ya lita moja, chota maji ya kijito siku ya mvua yakiwa mekundu, tikisa halafu iweke mezani. Kinachotua chini kabla hujamaliza kuhesabu sitini ndo mchanga, hicho ndo chakula cha ufukwe. Kinachobaki kimeelea mpaka jioni, na pengine mpaka kesho, hilo ni tope. Tope haliwezi kujenga ufukwe, wimbi likiligusa tu linalibeba linalipeleka kwenye kina. Kwa hiyo tukilima milimani bila makinga maji tunalipelekea ziwa tope jingi, na hilo tope linakwenda kufunika mawe ambako samaki wadogo wa miambani wanakula na kutaga, madhara hayo yamejulikana tangu miaka ya 1990, na vijito vya upande wa kaskazini kuelekea Gombe na Kagunga ndo vibaya zaidi kwa sababu ni vifupi na vina mteremko mkali, hakuna bwawa wala majani ya kuchuja njiani. Halafu mchanga wenyewe, ule mzito mzuri, tunauchota mtoni kabla haujafika ziwani tunajengea nyumba. Yaani ziwa linapata kisichotakiwa na linanyimwa linachohitaji.

Niongelee hizo tripu za malori ya mchanga maana najua zipo, hujazitaja ila zipo kila mahali penye mto karibu na mji. Tuseme Fuso inabeba mita za ujazo 4 za mchanga. Tuseme zinatoka mbili tu kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni mita za ujazo 2,400. Sasa chukua ufukwe wa urefu wa mita 400, upana mita 12, kina nusu mita, piga hesabu: ni mita za ujazo 2,400 hizo hizo. Fuso mbili kwa siku, kitu ambacho hakuna anayekiona kama uharibifu kwa sababu ni vijana wawili watatu na makoleo, zinabeba ufukwe mzima kwa mwaka. Siwalaumu wale vijana hata kidogo, mji unakua, kuanzia Mwanga na Gungu mpaka huko nje kote watu wanajenga na tofali linataka mchanga. Ila hesabu ndo hiyo.

Dar walishapita njia hii. Kule Kunduchi kuanzia miaka ya 1970 bahari ilikula ufukwe vibaya, majengo ya mahoteli yakaanguka, na moja ya sababu zilizotajwa sana ni watu kuchimba mchanga kwenye mito inayoingia baharini maeneo hayo, Tegeta, Mbezi na mingine. Misri bwawa la Aswan lilikamilika 1970, mchanga na tope la Naili vikabaki nyuma ya bwawa, na ncha ya delta (mdomo wa mto) pale Rashidi ikazidi kurudi nyuma, makumi ya mita kwa mwaka. Sababu inafanana kote, mzigo umekatika wimbi linaendelea.

Na sisi wa ziwani tuna shida moja ambayo wa baharini wanayo kidogo. Baharini sehemu nyingi chini pana ngazi pana ya maji mafupi, dhoruba ikiuchukua mchanga inauweka pale nje, na shwari ikija mawimbi madogo yanaurudisha polepole. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, kuta zake zimeshuka kama ukuta wa kisima. Sehemu nyingi ukienda mita mia chache tu kutoka ufukweni chini hakupo, ni shimo. Mchanga ukivutwa mpaka kwenye ule mdomo ukadondoka, umekwenda, hakuna wimbi la kuupandisha tena. Ndo maana umeona maji yamerudi na mchanga haujarudi. Maji yalipopanda mawimbi yalipata nafasi ya kufikia ukingo ambao kwa miaka mingi ulikuwa haufikiwi, yakaukata, yakashuka na mchanga. Zamani kungekuwa na mzigo mpya kutoka mitoni wa kujaza pale baada ya maji kupungua. Safari hii haukuwepo wa kutosha. Kupanda kwa ziwa kulifungua kidonda, ila kidonda kinashindwa kupona kwa sababu yetu.

Kuna na suala la matete. Maeneo yaliyotulia, vighuba na midomo ya mito, zamani yalikuwa na matete na mafunjo yamesimama ndani ya maji. Wimbi likiingia mle linachoka, likifika ukingoni halina nguvu ya kukata. Tumeyakata tupate mialo ya kuegesha mitumbwi na kushushia samaki, tujengee uzio, tufungue viwanja, wengine wanayachoma kabisa. Nimewahi kusimama sehemu ambapo upande mmoja wa kinjia matete yapo na upande wa pili yamefyekwa, umbali wa hatua ishirini tu: kwenye matete ukingo umelala polepole na una majani, kwenye eneo lililofyekwa umesimama wima kama umekatwa kwa kisu, urefu wa kiuno changu, na mizizi inaning'inia juu kama nyuzi za mkeka uliochakaa. Ziwa ni lile lile na upepo ni ule ule.

Sasa ukuta wa jirani. Yeye alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye uchungu na mali yake angefanya, usimchukie. Lakini ukuta wima ukisimama mbele ya wimbi unafanya mambo matatu mabaya. Wimbi ambalo lingepanda mchangani na kufia pale linagonga na kurudi na nguvu karibu yote, na likirudi linachimba chini ya ukuta. Nenda kaangalie mguu wa ukuta wake mwezi wa kumi na moja maji yakiwa chini, kwa kuta nyingi utakuta pamechimbika, unaweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko chini ya jiwe la kwanza. Ukuta wa hivyo unaanguka wenyewe baada ya misimu michache, kwa mbele. La pili, ukingo wake ulikuwa unachangia mchanga kwenye ile safari ya kwenda kaskazini, sasa ameufunga, mchango umekatika na anayefuata kwenye safari ni wewe. La tatu, pale ukuta unapoishia, kwenye kona, mawimbi yanazunguka yanashambulia ardhi laini iliyo jirani, yanakula kama nusu mwezi. Ukiangalia kiwanja chako nadhani utakuta umbo hilo, limeliwa sana karibu na mpaka wake na linapungua unavyokwenda kaskazini. Kama ndivyo basi umeshapata ushahidi wako.

Ukijenga na wewe, ile kona inahamia kwa jirani yako wa kaskazini. Atajenga na yeye. Mpaka mwisho wa mtaa ni kuta tupu na hakuna mchanga wa kuanika hata debe moja la dagaa, wala sehemu ya kuvuta mtumbwi. Wengine wanaweka uzio wa mawe unaoingia ziwani kama gati ili kuukamata mchanga, unaukamata kweli upande wa kusini, na upande wa kaskazini unakuwa na njaa maradufu. Viroba vya mchanga ndo kabisa usiviguse, jua linavichana ndani ya msimu mmoja halafu vipande vya plastiki vinakwenda kwenye nyavu za watu.

Najua unajiuliza basi nifanye nini, nikae niangalie? Hapana. Hizi ndo hatua ningezichukua mimi kama ningekuwa mtoto wako.

Ningeanza na kupima, kwa sababu bila kipimo tunabishana tu. Tafuta vipande vitatu vya nondo, vipigilie nyuma mbali na ukingo, sehemu ambayo una hakika haitaliwa kesho, kusini katikati na kaskazini ya kiwanja. Pima kwa futi kutoka kila nondo mpaka ukingo unapokatika, andika kwenye daftari na tarehe. Rudia mwezi wa tano maji yakiwa juu na mwezi wa kumi na moja yakiwa chini, na kila baada ya dhoruba kubwa. Mjukuu apige picha kwa simu akisimama palepale kwenye nondo kila mara. Ndani ya mwaka mmoja utajua unapoteza kiasi gani na upande gani, na hiyo daftari ofisini ina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

Halafu rudi nyuma. Hili gumu kusikia nalisema kwa heshima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, watu wanaiona kama sheria ya kuwaonea, lakini ukiipima kwa mteremko utaona ina maana yake. Sehemu tambarare kama za upande wa Luiche, kama ardhi inashuka mita moja kila hatua arobaini, ziwa likipanda mita moja tu maji yanasogea hatua arobaini ndani. Kwa hiyo vichanja vya dagaa na banda vihamishwe viwe vitu vya kubebeka, na nyumba ya kudumu isiwepo hapo kabisa. Kwenye ukingo wenyewe pandeni nyasi za mizizi mirefu, mabingobingo au vetiva, kwa mistari inayokwenda sambamba na ziwa, mwanzo wa mvua ili vishike, na pale chini kama kuna kona iliyotulia acheni matete yaote, msiyafyeke wala msiruhusu mbuzi. Matete hayasimami kwenye ufukwe unaopigwa wazi, msipoteze nguvu kuyapanda huko.

Kuhusu tripu na ukuta huwezi kwenda peke yako. Mchanga wa ujenzi kisheria ni madini, unataka leseni, na kujenga kitu ukingoni mwa ziwa kunataka kibali na tathmini ya mazingira. Kigoma kuna ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kuna NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, ila anzia serikali ya mtaa na kamati ya mwalo, maana wenye mialo ndo wanaumia kwanza na sauti yao inasikika. Msiombe vijana wafukuzwe tu, ombeni wapangiwe sehemu ya kuchimba ambayo mchanga wake haulishi ufukwe, mabonde makavu ya juu mbali na mdomo wa mto. Kijana ukimnyima koleo bila kumwonyesha pengine pa kuchimba atakuja usiku.

Na kama siku moja itabidi kitu cha mawe kijengwe kwa sababu kuna barabara au msikiti nyuma, kijengwe kwa mtaa mzima, kwa mteremko uliolala na mawe yaliyoachiana nafasi ili wimbi lipande lichokee mle, chini kuwe na kitambaa maalumu au tabaka la kokoto la kuzuia udongo usinyonywe, na asimamie injinia. Hela ya watoto wako haitoshi hiyo na haipaswi kutoka kwao.

Jirani mwite, kaeni, mwonyeshe picha za mguu wa ukuta wake kabla haujaanguka. Akitaka kuuokoa, amwage mawe makubwa kwa mteremko mbele yake na pale kwenye kona alegeze, asimalizie kwa pembe kali. Itamsaidia yeye na itakupunguzia wewe.

Huo mchikichi wenye mizizi nje msiung'oe. Ukiona umeinama sana kateni shina ili usianguke na pande la ukingo, lakini kisiki na mizizi viacheni ardhini, mizizi ya mchikichi ni mingi na imesukana, itaendelea kushika udongo misimu kadhaa wakati vetiva zinakua nyuma yake. Ukishapigilia hizo nondo nitumie vipimo vya kwanza na picha, nitakuchorea mistari ya kupanda.